Kuna mtu humu ameiita FV4005, gari la kivita la Waingereza, kontena. KONTENA!

Wakuu, nina hasira hadi chai imenishinda. Yule mjuaji wetu, simtaji, mnamjua wote, yule anayejibu mada kabla hajaisoma, kaingia kwenye uzi wangu wa picha asubuhi hii akaandika: "Kontena juu ya trekta, ndiyo maana jeshi lililikataa." Akamalizia na vikaragosi vya kucheka vya kujaza Uwanja wa Mkapa. Kontena!

Gari lenye mzinga wa milimita 183! Septemba 1945 Warusi walipitisha kifaru chao kizito IS-3 kwenye gwaride pale Berlin, Waingereza wakashika vichwa, wakaanza kutafuta kitu cha kukipasua kifaru kile kutoka mbali. Ndipo chasisi ya kifaru chao cha Centurion ikapandishiwa huo mzinga. Kombora peke yake kama kilo 72, hapo baruti ya kulisukuma bado, wapakiaji wawili wanahangaika nalo mle ndani. Wewe mtungi wa gesi unaita bodaboda akubebee, halafu unaniletea kontena?

Ndiyo, bati la kichwa chake, kile kibanda cha juu chenye mzinga, ni milimita 14 tu. Lilikuwa gari la kuvizia, lipige lihame. Mradi ukafutwa 1957, lakini hakuna aliyesema mzinga haupigi. Kichwa kile kilisimama miaka na miaka nje ya makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, watu wakipiga nacho picha. Nani anapiga picha na kontena? Mbele za watu wote, kontena!

Mzee wa Deraya: Pole mkuu. Huyo huyo aliiita Tortoise, gari jingine la kivita la Waingereza, chuma chakavu. Tani 78, zimeundwa 6 tu duniani, eti chakavu! Nilimlamba bloku siku hiyo hiyo.

Binti Chasisi: Mtoa mada usinipige, nimetazama picha. Mbona nyuma kuna mlango kabisa? Hahahaa.

Mtoa mada: Mlango ni wa watu na makombora! Na wewe umeanza?

Binti Chasisi: Mzigo unashushwa lini bandarini?

Vumbi la Nne: Nyie chenu kipo makumbusho mnalia. T28, lile gari la kivita la Wamarekani, ziliundwa 2, moja ikaungua kwenye majaribio 1947, ya pili ikakutwa 1974 imetelekezwa vichakani Fort Belvoir, Virginia. Nani aliifungulia uzi?

Mzee wa Deraya: Fungua wako, usiteke wa mwenzio.

Vumbi la Nne: Nifungue nini, modeli yangu ya T28 haina hata minyororo. Gundi niliyouziwa Kariakoo imekauka ndani ya chupa.

Binti Chasisi: Duka lile la ghorofani? Mimi waliniuzia rangi ya kijani cha jeshi, nimepaka imetoka bluu!

Vumbi la Nne: Hilo hilo! Na risiti hawatoi.

Mzee wa Deraya: Kumbe ni wengi? Mimi brashi zao zinanyonyoka manyoya.