Mechi za kikapu vyuoni Marekani: aliyesimama na aliyekaa, nani anamkosea mwenzake?

Mleta mada (Durham, North Carolina)

Wakuu, nina jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Mama yangu amekuja kutoka Tanga kututembelea, na baridi hii hakuna pa kumpeleka mtu mzima zaidi ya madukani, nikasema twende tukaone mpira wa kikapu kwenye chuo anachosoma kijana wangu. Chuo sitakitaja. Viti vyetu havikuwa upande wa wanafunzi. Vilikuwa vya watu wa kawaida, safu ya saba, karibu na goli.

Dakika kumi za kwanza zilipita salama. Kisha kijana mmoja wa timu yetu akapokonya mpira, akakimbia nao peke yake, akadanki, yaani akautumbukiza kikapuni kwa mkono. Mama akasimama. Ana miaka sabini na moja na hajui kikapu kimoja kina pointi ngapi, ila furaha ya watu anaijua. Akapiga vigelegele, vile virefu vya harusini, mpaka safu tatu za mbele zikageuka zikicheka. Wa nyuma hakucheka. Mzee wa Kizungu, rika la mama au zaidi, alimgusa bega akaomba akae, maana yeye na mkewe hawaoni. Mama akaniuliza, "Mwanangu, anasemaje?" Nikamwambia anasema karibu sana. Akamshukuru, akaendelea kusimama.

Nilimkalisha baada ya muda kwa kisingizio cha soda. Lakini nilikereka, na mpaka leo sijui wa kumlaumu ni nani. Upande wa pili wa uwanja wanafunzi hawakukaa tangu filimbi ya kwanza na hakuna aliyewagusa bega. Tena kuna vyuo kadhaa ambako hata wazee husimama mwanzoni wakipiga makofi mpaka timu yao ifunge kikapu cha kwanza, ndipo wakae. Kwa hiyo kusimama kwenyewe si kosa.

Nauliza: ukiwa nje ya jukwaa la wanafunzi, unasimama wakati gani? Na nyuma yako akiwepo mtu asiyeweza kusimama, unafanyaje?

Mpwani wa Kansas

Ndugu yangu, mzee huyo alikosea mahali. Kama anataka kuona bila kusumbuliwa, sebuleni kwake kuna runinga.

Mimi ni wa Mombasa, nimesoma Lawrence, Kansas. Ukumbi wa kikapu wa chuo, Allen Fieldhouse, unachukua watu zaidi ya elfu kumi na tano na upo tangu 1955. Wageni wakitambulishwa, wanafunzi hufungua magazeti na kujifanya wanasoma, kama kwamba hakuna mtu aliyeingia. Zamu ya timu ya nyumbani ikifika magazeti hayo yanachanwa yanarushwa juu. Tarehe 13 Februari 2017, siku walipocheza na West Virginia, Guinness walipima kelele humo zikafika desibeli 130.4, rekodi ya dunia kwa ukumbi wa ndani. Kelele ile haitoki kwenye kifua cha mtu aliyekunja miguu na bisi mapajani.

Na si kelele za ovyo. Timu yako ikiwa na mpira unapunguza sauti ili wasikilizane. Wageni wakiwa na mpira unapandisha, ili kocha wao apige kelele mpaka akauke na asisikiwe. Mchezaji wako akienda kupiga mitupo huru unanyamaza kabisa. Wa kwao akienda, unapunga kila ulichonacho nyuma ya goli. Hii ni kazi, na kazi haifanyiki umekaa. Mpe mama salamu. Vigelegele aongeze.

Bi Mkubwa, Columbus

Mwanangu wa Kansas, kazi gani hiyo, na nani amekuajiri?

Mimi nina tiketi za msimu za timu ya wasichana, mwaka wa tisa huu. Ukifika huko utaona watu wengine kabisa: mabibi wenye fimbo, watoto wa shule ya msingi, kina mama na mabinti zao wenye jezi moja. Mtoto wa miaka saba akisimama haoni ila mgongo wa mtu mzima aliyesimama mbele yake. Unamwambia nini? Akanywe uji akue?

Hatuko kimya, na ukumbi hutikisika. Tunasimama timu inapoingia, tunasimama kikapu kikubwa kikifungwa, na dakika mbili za mwisho mechi ikiwa imebana hakuna anayekaa, hata mimi na magoti yangu. Kisha tunakaa. Anayenichefua ni yule anayesimama timu ikipumzika, simu juu, anajipiga picha na kibao cha matokeo.

Halafu tusifanye kila kitu ni shangwe. Januari 2024 hapa hapa Columbus, wasichana wa Ohio State walipowafunga Iowa katika muda wa nyongeza, mashabiki walimiminika uwanjani na nyota wa Iowa, Caitlin Clark, akagongana na mmoja wao, akaanguka. Mwezi uliofuata yakatokea tena chuoni Wake Forest, mchezaji wa chuo cha Duke, Kyle Filipowski, akaumia goti katikati ya umati. Yote huanza na mtu anayeamini furaha yake haina mpaka.

Mleta mada, mzee alimgusa mama bega au alimsukuma? Kama aliomba kwa adabu, jibu la adabu ni kukaa. Ulimdanganya mama yako, na hilo ndilo kosa pekee ninaloliona hapo.

Mzunguko wa Kwa Mkapa, Dar

Bi Mkubwa nakuheshimu, ila huku mzunguko, kwenye viti vya bei nafuu vya uwanja wa Mkapa, kiti ni cha kukanyagia ukitaka kuona vizuri. Siku ya Simba na Yanga ukimwambia mtu "kaa chini" atakuangalia akijua unaumwa. Wanaokaa ni VIP, na wenyewe goli likiingia huwezi kuwatofautisha na sisi.

Wengine tulianza kujua habari za vikapu vya vyuo vya Marekani kwa sababu ya Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, futi saba na inchi tatu. Alichezea chuo cha Connecticut kuanzia 2006, na 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua, wa pili kati ya wachezaji wapya wote waliochaguliwa kuingia NBA, ligi kuu ya kulipwa. Jamaa akizuia mpira, humu tulikuwa tunaruka. Nyumba moja, runinga moja, watu kumi na nne, hakuna aliyekaa, na wa nyuma aliona kwa kusimuliwa.

Magurudumu Manne, Maryland

Nawasoma mnavyogombea kusimama na kukaa. Mimi naingia na kiti changu kutoka nyumbani, na sisimami hata timu ikichukua ubingwa.

Sasa niwaeleze jambo ambalo naona wengi hamlijui. Ugomvi huu ulishafika mahakamani. Katikati ya Washington kuna ukumbi unaoitwa Capital One Arena, ndimo timu ya chuo cha Georgetown inamochezea. Ulipofunguliwa Desemba 1997 uliitwa MCI Center. Ukiwa bado unajengwa, chama cha maveterani waliopooza kiliwashtaki wajenzi kwa sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990. Sheria ilitaka mwenye kiti cha magurudumu aone uwanja sawa na wenzake. Wajenzi wakasema anaona. Maveterani wakauliza: anaona watu wakiwa wamekaa, au wakiwa wamesimama? Maana kikapu cha ushindi kikifungwa watu hawakai, na hicho ndicho kikapu alichokuja kukiona.

Mahakama ya rufaa ikakubaliana nao 1997: karibu nafasi zote za viti vya magurudumu ziwe na uwezo wa kuona juu ya vichwa vya watu waliosimama, pale ambapo watazamaji hutarajiwa kusimama. Viwango vya ujenzi vya 2010 vikaliandika jambo hilo waziwazi.

Tazameni walichofanya. Hawakumwambia shabiki akae. Walijua atasimama tu, wakamwambia mjenzi ainue jukwaa langu. Nikikaa pale leo, vijana wa mbele wanaruka, wanapiga mayowe, wanamwaga soda, na mimi naona kila pasi. Sina ugomvi nao, nawapenda. Niliwahi kuingia ukumbi mmoja wa zamani, sitautaja, nikawekwa usawa wa migongo. Nilitazama makalio ya watu kwa saa mbili. Sikumchukia aliyesimama mbele yangu. Nilimchukia aliyepima ngazi.

Bi Mkubwa, Columbus

Maneno yako yameniingia. Lakini sheria hiyo ni ya kiti cha magurudumu. Mwenye fimbo? Mwenye goti la chuma kama langu? Sisi tumeuziwa viti vile vile vya watu wote. Jukwaa letu nani atalinyanyua?

Mpwani wa Kansas

Bi Mkubwa, hapo sina jibu, nakiri. Nitaongeza tu kwamba kusimama ni kama kufuata mkondo: safu ya tatu ikisimama, ya nne haina hiari, na ya ishirini haijui hata nani alianza. Huyo mzee wa Durham alimgusa mama bega, lakini mbele ya mama je? Kama walikuwa wamesimama, kumkalisha mama ni kumziba macho.

Mleta mada (Durham, North Carolina)

Mbele yetu walikuwa wamesimama nusu, wamekaa nusu, ndiyo maana nasema sijui wa kumlaumu. Bi Mkubwa, kuhusu uongo nakubali, nilikosa. Nilimweleza mama ukweli njiani tukirudi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungeniambia, ningebadilishana naye kiti."

Magurudumu Manne amenifungua macho. Huku kwetu kuna vyuo viwili mahasimu, havifiki kilomita ishirini kutoka kimoja hadi kingine. Duke wana Cameron Indoor Stadium, ya 1940, ndogo, watu 9,314. Chini, kuuzunguka uwanja, wamewekwa wanafunzi kwenye mabenchi, karibu kiasi cha kumpumulia kisogoni mchezaji wa pembeni. Wanasimama mechi nzima, na wengine hulala kwenye mahema wiki kadhaa nje ya ukumbi wakisubiri mechi ya mahasimu. Wenye tiketi za fedha nyingi wako juu, kwenye viti vya kukunja. Wa chini akisimama, wa juu haathiriki. Simjui mtu aliyegombana na mwanafunzi wa Cameron kwa kusimama.

Nenda Chapel Hill, kwa mahasimu wao, chuo cha North Carolina. Dean Smith Center, ya 1986, zaidi ya watu elfu ishirini na moja. Ilijengwa kwa michango ya wafadhili, na wafadhili wakapewa viti vya chini. Mwaka 1991 Sam Cassell, mchezaji wa Florida State, alishinda humo, akatoka akisema mashabiki wale ni wa mvinyo na jibini, yaani watu wa karamu za kistaarabu wasiopiga kelele. Wakachekwa nchi nzima, na maneno hayo hayajawatoka mpaka leo. Baadaye wanafunzi walipewa sehemu ya kusimama nyuma ya goli. Mimi nasema watu wa Carolina hawana damu baridi kuliko wa Duke. Chukua wale wale wa Cameron, wape umri wa miaka sitini na viti laini vya bei mbaya, uwaweke mbele ya wenzao wa miaka sitini na tano, uone kama wataruka.

Kwa hiyo ugomvi wa safu ya saba na ya nane umepangwa kwenye dirisha la tiketi kabla hatujafika. Chuo kinamtaka mzee kwa hundi yake na kinamtaka mama kwa vigelegele vyake, kikawauzia viti vinavyofuatana.

Mhasibu, Atlanta

Unasema vizuri lakini unasahau nani analipa. Vyuo vingi vikubwa, kiti kizuri hakinunuliwi kwa bei ya tiketi peke yake. Unachangia kwanza mfuko wa michezo kila mwaka, ndipo unaruhusiwa kukinunua. Mpaka mwisho wa 2017 asilimia 80 ya mchango huo ilikatwa kwenye hesabu ya kodi, yaani serikali ilikuwa inakusaidia kukaa karibu na goli. Sheria mpya ya kodi ikaufuta msamaha huo. Watu waliendelea kuchangia.

Mtu aliyetoa maelfu ya dola kwa miaka ishirini akiomba kuona, si mchoyo. Ameahidiwa. Mnataka wanafunzi wote wapewe viti vya chini? Sawa, tafuteni wa kulipa pengo. Wanafunzi wenyewe wakati wa likizo ya Desemba hawapo, ukumbi ni wetu wazee.

Mzunguko wa Kwa Mkapa, Dar

Mhasibu, kwa hiyo hiyo nayo ni VIP A. Semeni mapema.

Magurudumu Manne, Maryland

Mhasibu ana hoja, ila ahadi aliyopewa mfadhili ni ya chuo, na anaidai kwa kumgusa bega bibi wa Tanga. Aiandikie ofisi ya tiketi. Wakipata barua mia mbili, watatenga safu za kukaa na safu za kusimama, na waziandike kwenye tiketi kabla mtu hajalipa. Bi Mkubwa na goti lake atachagua mwenyewe.

Bi Mkubwa, Columbus

Barua ya kwanza naandika mimi leo usiku.

Mleta mada (Durham, North Carolina)

Mama anarudi Tanga mwezi wa tatu, na ameomba mechi nyingine moja kabla ya kuondoka. Nimepata tiketi za juu kabisa, safu ya mwisho. Mteremko ni mkali, mbele asimame asisimame tutaona. Nyuma yetu kuna ukuta.

Mpwani wa Kansas

Na vigelegele?

Mleta mada (Durham, North Carolina)

Ameanza mazoezi tangu asubuhi. Jirani wa chini amegonga dari mara mbili.