Naomba ushauri: nipo mwaka wa mwisho, nataka kujaribu mambo mapya

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa mwisho sekondari. Miaka yote nimekaa dawati la nyuma, mkono sinyooshi hata jibu nikiwa nalo. Mwaka huu nimejiwekea ahadi: kila mwezi jambo moja ambalo sijawahi kulifanya. Mwezi uliopita niliimba na kwaya; ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka, wa pili ikatulia. Sasa nimeandikisha jina kwenye mdahalo, dakika 4 mbele ya shule nzima, na nikiwaza tu viganja vinalowa jasho. Mama anahofia mitihani. Mimi naogopa zaidi kumaliza shule bila mtu kuijua sauti yangu. Mliopitia haya, muda mliugawaje? Na hofu ya jukwaani mliituliza vipi?