Ushauri: springi za kushusha Swift Sport ZC31S, nichukue Tein, RS-R au Eibach?

Swifti Jeupe (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nina Suzuki Swift Sport ya 2007, ile ZC31S, injini M16A ya 1.6, gia ya mkono. Gari inatembea vizuri mno, shida ni muonekano: imesimama kama imevaa viatu vya mchuchumio. Kati ya tairi na madigadi ngumi inapita. Tairi ni saizi ya kiwandani, 195/50 R16.

Nataka kuishusha kistaarabu, si ya kulamba lami. Nimesoma mpaka usingizi umekata. Kuna wanaosema Tein hazichoshi mgongo, wengine RS-R ndiyo yenyewe, wengine Eibach basi. Jumamosi nimepanga kwenda kwa fundi. Nichukue ipi kati ya hizo tatu? Nawasilisha.

Mnyalu Halisi
Hongera kwa usafiri. Ila mdogo wangu, nchi hii yenye matuta kila baada ya shule na msikiti, wewe unashusha? Wenzako wanaweka vipandishio ili wafike kijijini. Hiyo hela nunua hata tripu mbili za mchanga uanze msingi.

Mzee wa Spana
Mnyalu, kijana hajauliza habari za kujenga.

Mleta uzi, jina la springi nitakuja kulijibu. Springi nyingi za dukani za gari kama yako hushusha milimita 25 hadi 35, na hapo kampuni hizo tatu hazipishani sana. Kinachopishana ni ugumu. Nyingine mizunguko yake imekaribiana upande mmoja na kuachana upande wa pili, zinaanza laini halafu zinakaza kadiri zinavyobanwa. Hizo kwa barabara zetu zinavumilika. Ila springi inabeba gari tu. Anayeizuia isiendelee kudunda ni shokapu, na ukishusha, shokapu inafanya kazi ikiwa imeshaingia ndani kuliko ilivyozoea. Ikiwa imechoka, springi fupi na ngumu inaimaliza haraka.

Kwa hiyo nijibu: shokapu zako zina hali gani, na unaishi wapi?

Swifti Jeupe
Shukrani mzee. Shokapu zipo. Naishi Kigamboni. Sasa kati ya Tein, RS-R na Eibach?

Baba Lao wa IST
Kigamboni! Kaa nikupe yangu. Niliwahi kushusha IST, fundi akakata springi kwa grainda, kila moja mzunguko mmoja na kitu. Wiki ya kwanza mtaa mzima unageuka. Siku naingia kwenye panton, ule mlango wa chuma ukaniburuza bampa la mbele mpaka likaning'inia, watu wenye baiskeli wananipita wanacheka. Nikahamia darajani. Huko nako kuna tuta moja baada ya kushuka, gari ikaruka, springi ya nyuma ikatoka kwenye kikalio chake na kuanza kugonga kama kuna mtu kafungiwa kwenye buti. Nikauza gari wiki ile ile. Sasa hivi nina Noah na nina amani.

Mzee wa Spana
Baba Lao, umeeleza vizuri kwa nini springi haikatwi. Ncha ya springi ina umbo lake la kukaa kwenye kikalio. Ukiikata, haina pa kukaa, na tairi ikining'inia springi inalegea na kuchomoka. Tena ukipunguza mizunguko springi inakuwa ngumu zaidi. Iliyo na mizunguko 6 inayofanya kazi, ukitoa 1, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Unapata gari ya chini, ngumu, yenye shokapu ile ile iliyopimwa kwa springi ya zamani.

Swifti, "shokapu zipo" si jibu. Kila gari inazo. Zinavuja au hazivuji?

Swifti Jeupe
Mzee nakuheshimu sana, ila naona tunatoka kwenye mada.

Dada Spana
Hatutoki. Hiyo ndiyo mada. Zinavuja?

Swifti Jeupe
Za nyuma zina unyevunyevu wa mafuta. Zote mbili. Ila gari haiyumbi, na fundi wangu kasema unyevu si kuvuja.

Na ili mnielewe, springi tayari ninazo. Nilizipata Ilala kwa jamaa wa vipuri vya mtumba, ni za kijani, Tein kabisa. Nilitaka tu kusikia kama Tein ni chaguo sahihi. Jumamosi fundi nimeshamlipa nusu. Hela ya shokapu mpya kwa sasa haipo, nitaweka mwishoni mwa mwaka. Si lazima kila kitu kifanyike siku moja, na wengi mnaonishambulia hapa nanyi mlianza kidogo kidogo.

Mnyalu Halisi
Kumbe alikuja kutafuta mashahidi, siyo ushauri.

Mnairobi GTI
Wakubwa, salamu kutoka Nairobi. Mimi ninayo Golf GTI Mk5, hizo zimejaa huku. Niliweka springi za kushusha pamoja na shokapu mpya kwa siku moja na sijajuta. Kitu kilichonishinda mwanzo ni tairi za nyuma kuliwa upande wa ndani. Gari ikishuka, tairi inalala kwa ndani. Nikapeleka alaimenti, wakalegeza boliti za mikono ya nyuma, wakarudisha vipimo, ikatulia. Kwa hivyo huna budi kuweka pesa ya alaimenti kando kabla hujaanza. Na taa za mbele pia zipimwe upya, maana mwelekeo wake unabadilika.

Swifti Jeupe
Umesema vyema ndugu wa Nairobi. Hata fundi wangu kaniahidi atarekebisha mlalo wa tairi za nyuma kwa boliti hizo hizo baada ya kufunga.

Kasuku Mweupe
Simameni hapo hapo. ZC31S nyuma haina mikono ya kurekebisha. Ni boriti moja inayojipinda, tairi zimefungwa mwisho wake, springi kivyake na shokapu kivyake. Hakuna boliti ya kulaza wala kusimamisha tairi. Mwenye hiyo gari akiinama tu anaiona. Golf Mk5 ndiyo ina mikono mingi nyuma. Huyu kamsoma wa Nairobi akanakili. Hii ni chai, tena ya moto. Mwezi uliopita alikuwa anauliza mwendokasi unaanza saa ngapi.

Baba Lao wa IST
Eeh! Nimemwaga hadithi yangu yote bure?

Mnyalu Halisi
Nilijua. Kijana wa leo hana gari lakini ana springi.

Swifti Jeupe
Kasuku usinivunjie heshima. Nilipanda mwendokasi kwa sababu gari ilikuwa gereji, kwani wenye magari hatupandi basi? Hilo la boliti sikulitunga, nimenukuu alichoniambia fundi. Nimeweka picha nne: gari, kadi (nimeficha namba), shokapu ya nyuma, na hizo springi zikiwa sakafuni kwangu.

Kasuku Mweupe
Nimeziona. Gari ipo, na ni ZC31S. Samahani kwa lile neno. Lakini basi swali linahamia kwa fundi: anayeahidi kurekebisha boliti isiyokuwepo, hajawahi kuingia chini ya gari hii.

Dada Spana
Mimi nimekaa kwenye picha mbili za mwisho. Ya tatu, shokapu ina mafuta kuanzia juu mpaka kwenye boliti ya chini, na vumbi limegandia. Huo si unyevu. Seali imekufa.

Ya nne ndiyo imenishtua. Kuza picha, angalia ncha ya juu ya springi ya kushoto. Imekatwa wima, na kuna mikwaruzo ya diski ya grainda chini ya rangi. Springi iliyotoka kiwandani haiishi hivyo. Tein halisi huwa na maandishi na namba zilizochapwa, hizi sioni chochote, na rangi ya kijani inauzwa kila duka la hadwea. Tafuta vernia. Pima unene wa waya wa hizo za kijani, kisha pima wa springi zilizo kwenye gari, na ulinganishe umbo la mizunguko.

Swifti Jeupe
Dada, mbona unaniogopesha. Muuzaji yule watu wengi wananunua kwake.

Mzee wa Spana
Pima kwanza kijana wangu.

Swifti Jeupe
Nimerudi. Nimeazima vernia kwa jirani. Unene ni ule ule, mbele na nyuma. Nimekwangua rangi kwa msasa, chini kuna nyeusi. Za mbele umbo ni lile lile kabisa, ila zimepungua mzunguko juu. Kumbe ni springi za kiwandani zilizokatwa na kupakwa rangi.

Naongea na muuzaji kesho. Akikataa kurudisha, zitakaa stoo. Jumamosi siifuti, ila hela niliyomlipa fundi iende kwenye shokapu za nyuma, na nyingine naongezea kwa mkopo wa kazini. Kushusha bado nitashusha, hilo msinibishie.

Mzee wa Spana
Hakuna anayekubishia. Chukua shokapu mpya za saizi ya gari hiyo, zote mbili kwa pamoja, usibadili upande mmoja. Nunua na ile mipira inayokaa kwenye fimbo ya shokapu pamoja na makava ya vumbi, zako zitakuwa zimeshasagika. Za mbele zikaguliwe siku hiyo hiyo. Springi zije baadaye, mpya, kwenye boksi lenye namba ya ZC31S, zisishushe zaidi ya milimita 30. Na huyo fundi muulize ana kifaa cha kubania springi za mbele au anafunga kwa kamba. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaua mtu.

Swifti Jeupe
Nimemuuliza. Anasema anafunga kwa waya.

Dada Spana
Nakutumia namba ya gereji ya Mbagala faragha. Wana kifaa.