Tupeane uzoefu: patisheni za diski unapohama Windows kwenda Linux

Mwanzisha mada
Wakuu, habari zenu. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, watu kadhaa wa karibu yangu wamehamia Linux kwa sababu kompyuta zao hazikubali Windows 11. Karibu wote wanakwama sehemu moja: kugawa diski katika vipande, yaani patisheni. Mtu amezoea C na D, ghafla anakuta sda1, sda2, sda3, majina ambayo Linux huzipa patisheni. Kila mmoja aeleze alivyopita hapo.

Naanza na mpwa wangu wa chuo. Windows ilimwonyesha C na D tu. Alipowasha Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) kwa flashi na kuandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski na patisheni, zikatoka patisheni tano. Alitaka kuzifuta zile ndogo akidhani ni takataka. Nikamwambia tuzisome kwanza. Ya MB 100, yenye mfumo wa faili wa FAT32, ndiyo EFI: humo mna faili za kuwashia kompyuta, na Linux nayo huweka zake humohumo, kwa hiyo haifutwi wala haifomatiwi. Ya MB 16 Windows imejitengea. Nyingine ni ya kuirekebishia Windows ikiharibika. Mbili kubwa zilizobaki ndizo C na D. Tulizitambua kwa ukubwa wake, maana Linux haitumii herufi hizo. Tukarudi Windows, tukaipunguza D kwa Disk Management, na nafasi iliyobaki wazi tukaipa Ubuntu kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. Sasa akiwasha anachagua anayoitaka.

Mchangiaji wa 2
Asante mkuu. Mimi nina studio ya picha, kazi zote za wateja ziko D. Nilipoweka Mint, aina nyingine ya Linux, swali langu lilikuwa hilo tu: D iko wapi? Nikaja kuelewa kwamba Linux ina mti mmoja unaoanzia kwenye /, na kila patisheni inapachikwa kwenye folda fulani. Yangu nimeipachika /mnt/kazi, na nimeiandika kwenye faili la /etc/fstab kwa UUID yake (namba yake ya utambulisho) ili ifunguke yenyewe kila nikiwasha.

Angalizo: mwanzoni ilikuwa inasomeka tu, haiandikiki. Chanzo ni Fast Startup. Unadhani umeizima Windows, kumbe imelala tu na bado imeishikilia ile patisheni ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows). Nikaingia Windows, nikatoa amri powercfg /h off kama msimamizi, nikaizima upya. Tangu hapo nahifadhi picha bila shida.

Mchangiaji wa 3
Naongezea BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo. Kompyuta nyingi za sasa zinakuja nayo imewashwa na mwenyewe hana habari. Kabla hujagusa patisheni yoyote, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi. Mimi ulinifaa sana, Windows iliudai mara tu nilipobadilisha mpangilio wa kuwaka.

Mchangiaji wa 4
Kwa mashine za zamani, tazameni kama diski ni MBR au GPT, yaani mpango wa zamani au mpya wa kuorodhesha patisheni. Ya shemeji yangu ilikuwa MBR, na patisheni kuu zilishafika nne. MBR haipokei kuu zaidi ya hizo. Nafasi ipo kubwa, lakini kila tukijaribu kuitumia inagoma. Tukahamishia vitu vya D kwenye diski ya nje, tukaifuta D, mahali pake tukatengeneza ekstendedi, patisheni inayoweza kubeba nyingine. Ndani yake Linux ikapata sda5. Msishangae namba kuruka: 1 hadi 4 zimetengewa zile kuu.

Mwanzisha mada
Hiyo ya MBR ni muhimu sana, mkuu. Kwa aliyeniuliza ukubwa wa patisheni za Linux: / ipe GB 40 hivi, zinazobaki ziwe /home, folda ya nyaraka zako. Ukizitenganisha, siku ukitaka kuweka Linux nyingine unafomati / peke yake, nyaraka zako haziguswi. Patisheni ya swap (ya kusaidia RAM ikijaa) si lazima. Ubuntu tangu toleo la 17.04 hutumia faili la swap. Na kabla ya yote hayo, nakala ya vitu vyako iwe nje ya kompyuta hiyo.

Kuna aliyekuta diski haionekani kabisa wakati wa kusakinisha, mpaka abadilishe namna kompyuta inavyowasiliana na diski, kutoka RAID kuwa AHCI, kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta)? Atueleze alifanyaje Windows yake iendelee kuwaka.