Mikao ya upanga kwenye magemu: ni kweli watu walisimama vile?

Kijana_Ngambo
Assalaam aleikum. Juzi nimemaliza Ghost of Tsushima kwenye PS ya binamu yangu, sasa niko kwenye Kingdom Come: Deliverance. Ile ya Kijapani ina mikao minne, na kila mmoja una adui wake: Jiwe kwa mwenye upanga, Maji kwa mwenye ngao, Upepo kwa mwenye mkuki, Mwezi kwa yale majitu. Hii ya pili unachagua upande wa kupigia. Ninachotaka kujua: watu wa kale walisimama hivyo kweli, au wachoraji wamepanga tuone raha tu? Kaka yangu anasema yote uongo. Mie naona mikao mingine imetulia mno, siamini kama imetungwa tu.

Bakora_Wete
Waaleikum salaam mwanangu. Mkao wenyewe, ukisimamisha picha ukautazama, mara nyingi ni wa kweli. Uongo uko miguuni, na katika nafasi baina ya watu wawili.

Wajerumani waliofuata mafunzo ya Johannes Liechtenauer, karne ya 14 na ya 15, walikuwa na mikao mikuu minne ya upanga wa mikono miwili. Ochs, yaani fahali: mpini kando ya kichwa, ncha inamwelekea mwenzio usoni. Pflug: mpini kiunoni, ncha imeinuka. Alber, mpumbavu: ncha chini, mwili wazi, unamwalika aje. Vom Tag: upanga begani au juu ya kichwa, tayari kushuka. Fiore dei Liberi wa Italia, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 15, alihesabu 12 ya upanga huo. Wajapani wana mitano: chudan (upanga katikati), jodan (juu), gedan (chini), hasso (wima begani) na waki (nyuma, ubavuni). Tazama gemu zako kwa utulivu, utakutana na mingi ya hiyo.

Hata lile jambo la mkao huu kwa adui yule lina mzizi. Kwa Liechtenauer, kila mkao kati ya ile minne ulikuwa na pigo lake la kuuvunja: Krumphau kwa Ochs, Zwerchhau kwa vom Tag, Schielhau kwa Pflug, Scheitelhau kwa Alber. Ila hapo ulikuwa unausoma mkao wa mwenzio. Gemu inakwambia usome silaha aliyoshika, basi. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu kumsoma mtu ndiyo kazi yenyewe.

Sasa miguu. Mie nacheza kirumbizi tangu ujana, huku Pemba. Zumari likilia, watazamaji wote macho kwenye fimbo. Fundi aliyenifunza alikuwa hatazami fimbo, akitazama visigino. Ukibandika visigino vyote viwili chini ukajikaza, yeye keshajua hutoki hapo, na bakora inakufuata ulipo. Alitaka magoti yalegee, uzito uhame kila mara, usitulie mahali hata pumzi moja. Fiore naye kwenye kitabu chake alichora mtu amezungukwa na wanyama wanne, na chini miguuni akamweka tembo aliyebeba ngome mgongoni, alama ya uthabiti. Nilipoiona picha ile nilifurahi sana, maana tembo yule kawekwa pale pale fundi wangu alipokuwa akipatazama.

Gemu inamwacha mtu amekaa kwenye mkao wake muda wote unaotaka, kama sanamu. Kwa upanga wa kweli mkao ni kituo cha kupita. Pigo linalotoka vom Tag, ukilishusha mpaka mwisho, linakukuta umeshafika Alber, na hapo hapo pigo jingine linaanza. Halafu nafasi: unabonyeza kitufe uko mbali, mtu wako anateleza peke yake mpaka kwa adui. Huo ndio uongo unaoniudhi kuliko wote. Mwenye silaha akili yake yote iko hapo, je, akinyoosha mkono atanifikia au hanifikii?

Binti_Makunduchi
Naongeza kuhusu uzito. Kuna magemu upanga unanyanyuliwa kama gogo. Upanga wa mikono miwili wa zama hizo wengi wao ulikuwa baina ya kilo 1 na 1.8 hivi. Kwetu siku ya Mwaka Kogwa wanaume wanapigana kwa mashina ya migomba, mabichi, yamejaa maji, na bado yanakwenda mbio. Sisi wanawake tunaokuwepo tukiimba tunaona vizuri: hapana anayesimama akapozi. Mtu anaingia, anapiga, anatoka. Na wanachoka upesi mno! Kwenye gemu mtu mmoja anaua kijiji kizima na pumzi haijampaa.

Kijana_Ngambo
Shukran ami, shukran dada. Lakini ami, gemu ikifuata yote hayo itachezeka? Na ipi kati ya mbili zangu iko karibu zaidi na kweli?

Bakora_Wete
Itachezeka. Kingdom Come, iliyotoka 2018, imejaribu kwa dhati: unakata kutoka pande tano na unachoma kwa ncha, na pumzi ikiisha unaumbuka. Kosa lake ni lile pigo la kukinga na kujibu kwa mara moja, linalompa faida anayesubiri. Mafunzo ya Liechtenauer yanasisitiza kinyume chake: utangulie, umfanye mwenzio awe anakujibu wewe. Hata hivyo, kati ya mbili zako mie naichagua hiyo.

Ghost of Tsushima naipenda kwa uzuri wake. Ila kisa chake ni cha mwaka 1274, walipovamia Wamongolia, na samurai wa wakati ule kwanza kabisa alikuwa mpiga mishale juu ya farasi. Upanga wake ulikuwa tachi, unaoning'inizwa kiunoni makali yakitazama chini. Ule anaobeba Jin, shujaa wa gemu hiyo, ni wa zama za baadaye.

Ukitaka kuona kwa macho yako, tafuta picha za mswada uitwao I.33, wa umri wa takriban miaka 700, uliohifadhiwa Royal Armouries, Leeds, Uingereza. Ni wa upanga na ngao ndogo ya mkononi, padri anamfunza mwanafunzi wake. Binti_Makunduchi, nenda moja kwa moja kurasa za mwisho: anayepigana na padri pale ni mwanamke, jina lake limeandikwa, Walpurgis.

Binti_Makunduchi
Nimeshamwona. Magoti yake yamelegea vile vile ulivyosema.