Watoto waambiwa wachague masomo, halafu skuli ndo yawachagulia. Huu mchezo gani?

Wadau salaam. Leo nimekasirika na aliye na pole zake akae nazo.

Binti wa dadangu ni wale wa kwanza wa huu mtaala mpya wa Kenya, waliofanya KJSEA (ule mtihani wa kumaliza gredi ya 9) 2025 na Januari 2026 wakaingia gredi ya 10, yaani sekondari ya juu. Tangu yuko mdogo yuwaimba uinjinia wa meli. Na hakuutoa kwenye TV, mtoto wa Likoni hapa Mombasa huyu, kila akipanda feri aona meli zaingia bandari ya Kilindini, babake amefanya vibarua bandarini miaka na miaka. Hesabu anaijua, sayansi anaipenda, hakuna wa kumsukuma.

Tukaitwa mkutano wa wazazi, tukaambiwa mikondo ya masomo ni mitatu, STEM (sayansi, teknolojia, uinjinia na hisabati), sayansi za jamii, halafu sanaa na michezo, mtoto achague mwenyewe kulingana na kipaji chake (hilo neno kipaji lilitajwa hadi nikasinzia), na ajaze skuli 12. Kumi na mbili jamani! Tisa za bweni na tatu za kutwa za karibu na nyumbani. Tukakaa na ile fomu mezani mimi, mamake na yeye tunabishana hadi chai ikapoa, mwisho akajaza fizikia, kemia na biolojia. Matokeo yakatoka, sayansi kapita vizuri, kapangiwa skuli ya kutwa, na masomo ni yale yale aliyoyataka. Tukashukuru Mungu, sare ikanunuliwa.

Siku ya kuripoti anaambiwa fizikia hakuna mwalimu. Yaani si kwamba ni mgonjwa ama yuko likizo, HAYUPO, hajawahi kuwepo. Na labu ina masinki tu, bomba halitoi maji na gesi sikwambii. Basi akaandikishwa biolojia, kilimo na biashara, na nilipoenda kuuliza nikajibiwa bila haya ati "bado ni STEM hiyo mzee, usijali". Nisijali! Kilimo chenyewe shamba ni magunia mawili ya sukuma wiki nyuma ya vyoo, kwengine kote simiti. Sikidharau kilimo, kuna watu wanakula vizuri kwa kilimo, lakini aliyekiomba ni nani?

Sisi wa 8-4-4, ule mtaala wa zamani, mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari tulifanya masomo yasiyopungua saba na sayansi mbili ni lazima, kwa hivyo ukiteleza hapa bado una pa kushika. Hawa wana yale ya lazima halafu matatu ya kuchagua, wakae nayo hadi 2028. Sasa mtoto wa uinjinia akimaliza bila fizikia, chuo kitamuuliza kama mwalimu alikuwepo? Nikanyoosha mkono kule mkutanoni nikaomba nionyeshwe kwa maandishi masomo gani matatu yampeleka mtoto kozi gani ya chuo, nikaambiwa mtajulishwa. Naam, bado nasubiri kujulishwa.

Na wakubwa wenyewe wa wizara ya elimu mbona wao wana ruhusa ya kubadilisha mawazo? Si walisema kwanza hisabati si lazima kwa asiye STEM, watu wakapiga kelele, Aprili 2025 ikarudishwa kwa wote, ya STEM ikawa nzito na ya wengine nyepesi. Hakuna aliyewafokea. Lakini mtoto wa miaka 14 akishajaza fomu ndo kafunga nikaha isiyo na talaka, tena mume mwenyewe kabadilishwa mlangoni.

Kinachoniuma zaidi, kwenye orodha ya masomo ya huo mkondo wa STEM kuna somo zima la teknolojia ya bahari na uvuvi. Lipo, limeandikwa. Mji huu una bandari, una Bandari Maritime Academy, chuo cha mambo ya bahari, lakini katika zile skuli tatu za karibu tulizoweza kujaza hakuna hata moja inayolifunza. Mtoto aziona meli kutoka dirishani na darasani anafunzwa mbolea.

Najua mtakuja na "mpelekeni bweni". Mamake anauza mahamri na mbaazi asubuhi, karo ya zile bweni za daraja la juu ni shilingi 53,554 kwa mwaka na hapo hujanunua godoro wala nauli. "Mhamisheni", tumeomba, tumeambiwa nafasi zimejaa. Na yule wa "kwani lazima awe injinia", wewe pita tu, sina muda na wewe.

Ninachotaka ni hiki. Mwenye mtoto skuli ya kutwa Likoni, ama ng'ambo kisiwani, hata Changamwe tutaamka alfajiri, ambako fizikia inafunzwa na mwalimu aliyeajiriwa si kijana wa kujitolea anayeondoka akipata kibarua, andika hapa chini. Usinipe jina uliloliona kwenye orodha, hizo orodha tumeziona, niambie kama mwanao amekaa darasani na mwalimu akaingia. Na walimu mlio humu nambieni ukweli, akipitwa na fizikia muhula wa kwanza gredi ya 10 anaweza kuidaka muhula wa pili, ama ndo basi tena?