Kifaru, gesi au mizinga: nini hasa kilivunja vita ya mahandaki?

mwanaramani: Wakuu habari zenu. Tulinganishe hapa, vita ya kwanza ya dunia kule Ufaransa, silaha gani ndo ilibadilisha upiganaji? Mi nasema kifaru. Bombomu (bunduki ya rashasha) lilishafunga kila njia, pale Somme tarehe 1 Julai 1916 Waingereza zaidi ya 19,000 walikufa siku moja, na mizinga ilikuwa imepiga wiki nzima kabla yake lakini seng'enge sehemu nyingi hazikukatika. Kifaru kinazikanyaga kinapita.

binti_tanga: Kaka hapo siafiki. Septemba 15 mwaka huohuo, hapohapo Somme, vilipangwa vifaru 49, vilivyofika mstari wa kuanzia kama 32, vingine vimeharibika njiani. Humo ndani watu 8 wamebanana na injini katikati yao, joto na moshi mpaka mtu anazimia.

sajini_mstaafu: Wanangu, angalieni mizinga. Kombora la mwanzo lilikuwa linazama kwenye tope ndo linalipuka, linachimba shimo na seng'enge inabaki. Ilipokuja fyuzi (kiwashio cha kombora) namba 106 mwaka 1917 kombora likigusa tu chini linapasuka, vipande vinatawanyika pembeni vinakata waya. Halafu pazia la makombora linasogea mbele kidogo kidogo na askari wanalifuata kwa karibu kabisa, adui akitoka shimoni anakuta bayoneti. Ukichelewa dakika mbili bombomu lishapandishwa, umekwisha.

dogo_historia: Na gesi je mzee?

sajini_mstaafu: Ypres, kule Ubelgiji, Aprili 22, 1915. Klorini ni nzito kuliko hewa kwahiyo inamfuata mtu mpaka chini handakini, unyama mtupu ule. Mstari ulifunguka kweli ila Wajerumani hawakuwa na askari wa akiba wa kutosha kupita. Baadae zikaja barakoa.

mwanaramani: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Lakini Cambrai, Novemba 20, 1917? Vifaru zaidi ya 400, wamesonga kama km 8 siku moja!

sajini_mstaafu: Marahaba. Na mizinga kama 1,000 ilifyatua kwa mahesabu ya ramani, bila yale mapigo ya siku nyingi yanayomwamsha adui, hiyo usiiache.

binti_tanga: Na siku kumi baadae, Novemba 30, Wajerumani walirudi na vikundi vidogo vya kupenya, ngome ngumu wanaiacha nyuma wanaingilia palipo laini, wakachukua tena sehemu kubwa ya ile ardhi, na kifaru chao wenyewe hawakutumia hata kimoja.